Siku Niliyoikana Kwemtindi

Ipo Jumamosi moja ambayo sijaisahau, mwanangu, ingawa nywele zilizokuwa nyeusi siku ile sasa ni nyeupe kabisa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mgeni hapa Sydney, nimekuja kusoma chuo kikuu. Niliishi Kensington na wasichana wengine watatu, nyumba ya kupanga yenye jiko bovu na vicheko vingi. Siku hiyo nilialikwa chakula cha mchana kwa familia moja ya Kikenya. Mwenye nyumba akaniuliza, "Binti, nyumbani ulisoma wapi?"

Nikamtajia shule moja maarufu ya Dar es Salaam, iliyokuwa ya watoto wa Kizungu kabla ya uhuru. Sikuwahi hata kuukanyaga ua wake. Mimi nilisoma Kwemtindi, huko milimani kwetu Usambaa, shule yenye jina ambalo niliona litawachekesha watu. Usinicheke sana, mwanangu. Ujana una aibu zake.

Kumbe Mzee Rajabu alikuwa ananisikiliza. Alikuwa fundi wa reli, akikaa Lidcombe, naye alisoma Kwemtindi miaka mingi kabla yangu. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege. Alimaliza wali wake, akaaga.

Kesho yake asubuhi akabisha hodi Kensington. Nikamkaribisha chai, akaikataa. Hapo nikajua mambo yameharibika.

"Zaina," akaniambia, "unajua nani aliijenga Kwemtindi?"

"Serikali, mzee."

"Serikali ya mkoloni iliwajengea watoto wake. Sisi Waafrika wa kule tuliambiwa darasa la nne linatutosha. Wazazi wetu ndio waliopasua mawe. Maji ya kukandia udongo yaliletwa na wasichana, kutoka mtoni, kichwani, kupanda mlima. Mmoja wao ni mama yako. Shule ilipokamilika wakaingia wavulana, yeye akabaki nje. Jana ulipoulizwa, ungeweza kumtaja. Hukumtaja."

Mama hakuwahi kunieleza habari hiyo. Nililia sana. Mzee Rajabu akangoja ninyamaze, kisha akaiomba ile chai.

Jumamosi iliyofuata nikarudi kwa familia ile ile. Nikasimama mbele ya wageni nikasema, "Niliwadanganya. Mimi nimesoma Kwemtindi. Mama yangu alibeba maji ya kuijenga."

Dada mmoja aitwaye Eliza, aliyekuwa akifua nguo hospitalini, akaruka kutoka kitini. "Kwemtindi? Hata mimi nimesoma Kwemtindi!"

Wiki iliyotangulia alikuwepo, lakini aliposikia nimetaja shule ya mjini, akaona haya kuitaja yake. Tulikumbatiana tukipiga kelele hadi jirani Mzungu akachungulia juu ya ua. Mzee Rajabu akaanzisha wimbo wa shule, nasi tukauimba beti zote bila kukosea.

Mchana ule ule tukakubaliana sisi watatu kumsomesha msichana mmoja pale Kwemtindi. Kutoka mmoja wakawa wengi, nasi tukapata wenzetu wengine waliosoma huko. Miaka ikapita, shule ikaunganishwa na nyingine, jina likaondolewa getini. Tulihuzunika. Lakini Mzee Rajabu, kabla hajafariki, alituambia, "Basi jina liende na watoto." Ndipo tukaanza kuwafadhili na watoto wa hapa Sydney, kwa jina la Kwemtindi.

Mwaka huu tumekuchagua wewe, Furaha, binti wa Uvira uliyetoka kambi ya wakimbizi ukaja kukulia Cabramatta. Siku ya kukukabidhi ufadhili, mama yako alikuja ukumbini na sare yake ya kazi ya kutunza wazee, akapiga vigelegele mpaka nikasahau hotuba yangu. Wewe ukaniinamia ukaniuliza, "Bibi, sorry, lakini mimi sikusoma hiyo shule. Watu wakiniuliza Kwemtindi ni nini, niseme what?"

Muziki ulikuwa juu, sikuweza kukujibu. Jibu langu ni hili.

Waambie ni shule iliyojengwa na watu walioambiwa kwamba watoto wao elimu kidogo inawatosha. Na ukiulizwa wewe mwenyewe umetoka wapi, usipunguze wala usipambe. Itaje kambi. Litaje darasa la turubai ulimojifunzia kusoma. Mtaje mama yako anayeamka alfajiri kwenda kazini. Huwezi kujua ni nani ameketi humo chumbani, akingoja mtu wa kwanza aseme ili naye apate kusema. Na ukishasimama kwa miguu yako, mwanangu, msomeshe mwingine, hata awe mmoja tu.

Mungu akupe walimu wenye subira na marafiki wa kweli. Ayatie nuru macho ya mama yako akuone umevaa joho, na mimi anipe miguu ya kucheza siku hiyo. Amina.