Washauri Watatu wa Robhi

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyopanda baiskeli kutoka Morotonga kwenda Mbalibali kumtoa mdogo wangu Robhi chuo kikuu. Nilikuwa kijana, dalali wa ng'ombe mnadani Mugumu, na niliamini hakuna neno la mtu lisilopunguzika ukimvuta pembeni. Wewe unayefunga begi kwenda chuo, nisikilize. Mimi chuo nilikiona siku moja tu, tena kilikuja chenyewe kwa Landrova.

Robhi alikuwa mwaka wa pili. Likizo za enzi ile ya ujamaa wanafunzi walipelekwa vijijini kufanya kazi na wananchi, naye alipangiwa Mbalibali kufundisha kisomo cha watu wazima. Nyumbani mama alikuwa na kifua kikuu. Ilibidi adungwe sindano kila siku kwa miezi, zahanati iko mbali, na baba alikwisha kufariki. Nikapiga hesabu, nikairudia: mimi nina mnada, mke wangu ana mtoto mchanga, anayebaki ni Robhi. Nilipofika Mbalibali nikamweleza, mwenyewe akalia, kisha akasema, "Sawa kaka, niombee niache."

Pale shuleni alikokuwa akifundisha nikakuta washauri wake watatu wamekuja kutembelea wanafunzi. Mwalimu Lazaro alimsimamia masomo. Bi Zuhura alikuwa mlezi wa mabinti bwenini. Ndugu Mapunda alisimamia hii kazi ya vijijini. Nikafurahi. Mnadani, wanunuzi wakiwa watatu, unamwambia huyu kwamba yule amekwisha kukubali, naye anakubali asije akaachwa.

Nikaanza na Mapunda, alikuwa anabadilisha gurudumu la gari.

"Shikamoo Ndugu. Mwalimu Lazaro hana neno Robhi akiacha chuo. Tunakungoja wewe tu."

"Marahaba. Kwa nini aache?"

Nikamweleza habari za mama. Akanipa pole, akaendelea kukaza nati.

Nikamfuata Lazaro darasani, nikamwambia mlezi wa mabinti ameridhia. Akavua miwani. "Mama anaumwa tangu lini?" Nikamjibu. "Njoo tunywe chai kwanza."

Kumbe chai ni ya wote! Mapunda na Bi Zuhura walikwisha kukaa na vikombe vyao.

"Lazaro," akasema Mapunda, "nasikia umemruhusu Robhi aondoke."

"Mimi nasikia ni Bi Zuhura."

Bi Zuhura akaniangalia kama mtu anayekagua meno ya fahali. "Na mimi, kaka, ulikuwa unakuja kuniambia nani amekubali? Mkuu wa wilaya?"

Walicheka, mwanangu. Mimi nikaangalia chai yangu.

"Sisi hatushindani," akasema Bi Zuhura. "Huyu binti ni wetu sote. Kamwite."

Robhi akaja, macho chini. Bi Zuhura akamuuliza, "Unataka kuacha chuo, au unataka mama apone?"

"Nataka mama apone."

"Basi tuzungumze hilo."

Hapo ndipo nilipoona kazi ya watu wanaojua kazi. Lazaro alisema alama za Robhi zilikuwa zimeshuka, akadhani ni uvivu. Bi Zuhura alisema binti alikuwa hali chakula vizuri, yeye akadhani ni mapenzi. Mapunda alimwona hachangamki kijijini, akadhani ni majivuno ya msomi. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na Robhi alikuwa hajamwambia yeyote. Walipoviweka pamoja, chai ilikuwa bado ya moto.

Mapunda akamhamishia Morotonga, maana na huko kisomo kilikosa mwalimu, ili likizo nzima alale nyumbani na kumpeleka mama zahanati. Lazaro akachukua kazi ya kumwombea mitihani isogezwe mbele, apate muda wa kusoma.

"Na chuo kikifunguliwa," akasema Bi Zuhura, "mama atapelekwa na nani?"

Wote wakanigeukia.

"Nina mnada," nikasema.

"Mnada ni kila siku?"

"Hapana."

"Baiskeli unayo?"

Nikamgeukia Mapunda anipunguzie kidogo. Akaniambia kiti cha nyuma kinafaa, niongeze mto. Nikamgeukia Lazaro. Akauliza kama mto ninao. Mnadani wanunuzi wakielewana mapema, muuzaji ameliwa. Wale watatu walielewana, na aliyefaidi ni ng'ombe. Nilikwenda kumtoa mtu chuoni, nikarudi nimepewa zamu ya zahanati.

Niliimaliza. Mama alipona hata akapata nguvu ya kulalamikia uendeshaji wangu. Robhi alifaulu, akaja kufundisha Tarime.

Sasa ni zamu yako, mwanangu. Huko uendako utapewa watu wa kukushauri. Usiwagawe, huyu umpe hadithi hii, yule umpe ile. Mambo ya nyumbani yakikuelemea, mwambie hata mmoja wao, tena mapema, na umruhusu awaambie wenzake. Usione haya wakikaa kukujadili. Huo ndio msaada wenyewe. Na ukisikia wamekubaliana jambo juu yako, lifikirie mara mbili kabla ya kulikataa.

Nenda salama. Mungu akujalie watu wa kukusema usipokuwepo, na kila watakalosema liwe la kukujenga.