Barua Tatu za Kambi ya Ndui

Hakuna mikono safi kuliko ya Dobi iliyowahi kuingia katika maktaba ile ya nyaraka za serikali, na bado aliambiwa akanawe. Ndiyo kanuni, alisema mkutubi, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mkoba unabaki kwenye kabati la nje, kalamu ya wino marufuku, penseli ruksa, na mikono lazima unawe hata kama umetoka kuoga sasa hivi. Dobi alikuwa na miaka thelathini na moja katika kazi ya kufua nguo za watu, ngozi ya vidole imekwisha kwa sabuni. Alinuna, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akanawa.

Cha mvunguni kilikuwa haja ya mama yake. Mama alikuwa mwezi wa tatu kitandani, moyo umechoka, miguu imevimba, macho yamezimika miaka mingi. Asubuhi moja Dobi alipokuwa akimbadilishia shuka, mama alimkamata mkono.

"Mwanangu, nitafutie mdogo wangu aliishia wapi. Sitaki kuondoka bila kujua."

Habari za huyo mdogo wake mama zilikuwa fupi, na kila mtu nyumbani alizijua. Ndui iliingia mtaani. Mjomba, mtoto wa miaka mitano, ndiye aliyeanza kuugua, gari la afya likaja likambeba hadi kambi ya wagonjwa. Siku nne baadaye bibi naye akashikwa, akafa kabla gari halijarudi. Mjomba akafia kambini, na maiti za kambini hazikurudishwa kwa wenyewe. Wakabaki babu na binti yake wa miaka kumi, ndiye mama. Babu alikufa kabla Dobi hajazaliwa. Kwa hiyo Dobi alielewa kwamba anatumwa kutafuta kaburi, akaapa kulipata, maana mama alikuwa amemlea peke yake na hakuwahi kumwomba kitu.

"Namtafuta mjomba wangu," alimwambia mkutubi.

"Mjomba hana faili, mama. Hapa karatasi zimepangwa kwa ofisi zilizoziandika, si kwa majina ya watu. Nani alimchukua?"

"Gari la afya."

"Basi tulitafute gari la afya."

Ikawa kila Alhamisi Dobi anafunga duka, anapanda ngazi zile, anajaza kikaratasi cha maombi na kuletewa sanduku moja, moja tu, hata ukilia. Alhamisi ya kwanza ilikwenda bure kwenye ripoti za mbu na mitaro. Ya pili akaletewa daftari la kambi, limeliwa na mende pembeni, kila ukurasa una safu mbili: waliokufa na waliotoka. Dobi akapita waliokufa, jina kwa jina, kidole hewani kwa sababu kugusa wino nako marufuku. Mia mbili na kumi na sita. Wengi walikuwa watoto, na alipofika nusu alikuwa akiwaombea kimoyomoyo. Mjomba hakuwamo. Alhamisi ya tatu akarudia tena tangu mwanzo, akidhani macho yamemdanganya.

Mkutubi alimwinamia. "Waliotoka umewaangalia?"

"Wa nini? Yeye alikufa."

"Kuangalia hakuna ushuru."

Alimkuta kwenye ukurasa wa pili wa waliotoka. Jina lake, jina la babu, umri miaka mitano. Amepona. Mbele yake kulikuwa na namba ya faili, na mkutubi, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia, alikwenda kulileta faili nusu mbio.

Ndani mlikuwa na nakala za barua tatu alizoandikiwa babu. Ya kwanza ilisema mwanao amepona kabisa, hawezi tena kumwambukiza mtu, njoo umchukue. Ya pili ilikuja baada ya wiki tatu, ikisema hivyo hivyo. Ya tatu ilisema asipofika mtu kufikia mwisho wa mwezi, mtoto atapelekwa makao ya yatima. Nyuma yake muuguzi alikuwa amemwandikia mkubwa wake, akiomba waongeze siku. "Mtoto anashinda langoni. Anasema dada yake anajua kusoma, kwa hiyo barua itasomwa na watakuja." Hazikuongezwa. Karatasi ya mwisho ilitoka makao ya yatima, mwaka mmoja baadaye: surua, amezikwa na makao.

Dobi alinakili yote kwa penseli, ikavunjika ncha mara mbili. Mkutubi alisogeza kiti chake mbali kidogo, si kwa dharau, kwa heshima. Njia nzima Dobi alikuwa akimtukana babu yake moyoni. Kikulacho ki nguoni mwako! Mzee alizipokea barua, akazificha hata kwa binti yake mwenye kusoma, akamwacha mtoto mzima aozee langoni. Na hilo, aliamua, mama hatalisikia. Ana siku chache, ya nini kumwondoa duniani akimchukia baba yake?

Alimkuta mama ameegemea mito. Akamweleza alivyopanga: mjomba alifia kambini, hakuteseka, alizikwa na wenzake. Uongo ulimtoka vizuri, na mama aliusikiliza mpaka mwisho.

"Na barua hukuziona?"

"Barua gani, Mama?"

"Zilikuja tatu."

Dobi alisimama. Yote aliyokuwa ameyameza njiani yakamtoka kwa mkupuo. "Kumbe ulijua! Ulijua alizipata akanyamaza! Baba wa namna gani anaitwa mara tatu akamchukue mwanawe, anakaa kama vile ameitiwa paka? Laana..."

"Usimtukane baba yangu," mama alisema. "Baba hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea."

Dobi akakaa tena, hakujua amekaa juu ya nini.

"Ya kwanza nilimsomea kwamba amekufa. Baba alilia mpaka majirani wakaja kumshika. Ya pili nikasema wanauliza kama tuna mgonjwa mwingine. Ya tatu nikasema wanauliza tena."

"Kwa nini, Mama?"

"Ugonjwa uliingia na yeye. Akaanza yeye, akafa mama. Nikajua akirudi atamchukua na baba, nibaki peke yangu."

"Lakini barua ilisema amepona. Ilisema haambukizi tena."

"Ilisema. Sikuiamini." Mama alipapasa shuka akitafuta mkono wa bintiye. "Nilipopata akili ya kuiamini alikwishapelekwa, na baba hakuwa mtu wa kuambiwa tena. Sasa toa karatasi yako unisomee. Usinifanyie nilichomfanyia baba."

Dobi aliitoa. Alikuwa na hasira, na alikuwa na huruma, na mpaka leo hajui ipi ilimsomesha. Alisoma barua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alipofika kwenye maneno ya muuguzi alinyamaza.

"Kuna nini hapo?"

"Hapaonekani vizuri, Mama."

"Panaonekana. Soma."

Akasoma. Mtoto anashinda langoni. Anasema dada yake anajua kusoma, kwa hiyo barua itasomwa na watakuja.

Mama hakulia. Mdomo ulimchezacheza kama mtu anayekariri, kisha akaomba asomewe tena pale pale, polepole. Dobi akasoma tena. Jioni ile alimsomea mara saba, karatasi ya makao ikiwa bado haijasomwa, na kila alipofikia mwisho, mama alisema, "Tena."