Tela la Baba

Juzi, tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu, niliona gari likivuta tela dogo lililofunikwa turubai, nikacheka peke yangu.

Tulikuwa tunaishi mtaa wa Ghulail, Jeddah, huko Saudia. Alasiri moja baba alirudi na tela kuukuu lililonuka kutu na samaki. Mama alilitikisa kwa mguu. "Lile kubwa tulilolitazama jana lilikuwa zuri, lakini hili ndilo tunaloliweza," alisema. Basi baba akabadilisha springi, akafunga tairi mpya, akapigilia mbao kuinua kingo.

Kila nyundo ilipolia, nilijua tunahama. Rafiki yangu Salma, wa nyumba ya pili, aliondoka hivyo hivyo. Ikama ya baba yake, kile kibali cha kuishi, ilikwisha, wakapakia vitu vyao kwenye tela, halas, basi, sikumwona tena. Nikaujaza mkoba wangu wa skuli nguo na mdoli, nikaenda kukaa telani nisije nikaachwa.

"We, unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Huko tunakohamia."

Akalitua chini sufuria kubwa alilolibeba. "Nani kakwambia tunahama? Nimepata kazi ya kupika arusini, mwanangu, na masufuria hayaenei kwenye buti la gari. Hizo springi ni za mchuzi usimwagike."

Nilishuka mbio kwa furaha, mkoba nikausahau mle mle. Ulikwenda arusini, ukarudi umelowa mchuzi wa biriani, harufu isitoke. Mpaka skuli inafungwa, kila nikitoa daftari mkobani, mwalimu aliuliza ni nani kaja na biriani.