Baba Aliwapa Mgongo Kulungu wa Taa

Baba yangu alisimama mbele ya kulungu walioundwa kwa taa za Krismasi, akawapa mgongo.

Watu wote walikuwa wanawatazama kulungu. Yeye alikuwa anatazama giza tulikotoka.

"Umeona?" kaka yangu Adrian alininong'oneza. "Ndiyo hayo niliyokuwa nakwambia."

Niliona. Nilikuwa nimesafiri kwa treni kutoka Leeds ili nione.

Mama yetu alifariki miaka sita iliyopita, na baba, mzee Leonard, akabaki peke yake kwenye nyumba tuliyokulia. Adrian anaishi karibu naye. Tangu kiangazi kiishe alikuwa ananipigia simu kunitajia ushahidi.

Jokofu tupu, isipokuwa maziwa yaliyoganda kwenye chupa. Jiko limepoa. Barua zimerundikana nyuma ya mlango. Maua ya mama dirishani yamekauka mpaka mizizi.

Mimi mwenyewe nilikuwa nikipiga simu ya nyumbani, inaita mpaka inachoka. Kesho yake baba ananipigia, ananiambia jana alikuwa bustanini.

Novemba. Usiku. Mvua inanyesha.

Kazi yangu ni kukagua nyumba zilizoungua na kuiambia kampuni ya bima moto ulianzia wapi. Mtu akiniletea machozi simsikilizi, naangalia majivu. Na majivu ya baba yalikuwa yanasema akili inamtoka.

Adrian alishamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee. Alishampeleka na dalali akaitazame nyumba. Kilichobaki ni mimi nikubali, tumwambie mzee kwa sauti moja.

Nilimuuliza kwa nini amwambie kwenye bustani ya taa za Krismasi, mbele ya umati.

"Njia ni ya upande mmoja," akasema. "Ukishaingia hurudi nyuma. Hawezi kutuacha tukiongea."

Alijiona ana akili sana.

Mniwie radhi kuhusu hizo taa. Ni bustani ya jumba la kifahari, ina miti iliyokuwepo kabla ya babu wa babu yangu, na kila Desemba miti hiyo inapakwa mwanga wa zambarau mpaka inafanana na choo cha disko. Vipaza sauti vimefichwa vichakani, vinaimba nyimbo za kanisani kwa watu ambao kanisa wanalijua kwa nje. Unapanga foleni kwenye tope uone taa, halafu unazitazama kwenye simu yako.

Wifi yangu Philippa aliwavalisha wote sweta za namna moja, zenye picha ya mtu wa theluji. Yeye mwenyewe, mume, binti yao Imogen, na baba. Yangu niliirudisha kwenye mfuko.

"Utaharibu picha, Rosalind," akaniambia.

Nilimwambia nitasimama pembeni.

Basi tukaenda. Baba kila baada ya hatua chache anasimama. Kwenye bata wa taa alisimama. Kwenye uyoga alisimama. Familia zenye vigari vya watoto zinatupita, zinatuangalia kwa huruma ile ya Krismasi, ambayo haimpishi mtu njia.

Adrian akanikumbusha kwamba wiki ile mzee alimuuliza saa ya kuingia ya tiketi zetu mara tatu. Mara tatu, swali lile lile. Nikaliweka pamoja na mengine.

Tulipofika kwenye moto wa kuni, watu wanapochoma peremende laini kwenye vijiti, nilikuwa nimeshakubali. Nikamwambia Adrian, sema.

Akasema. Alianza na upendo, akapita kwenye usalama, akafika kwenye chumba chenye dirisha linalotazama bustani. Philippa alikuwa anatikisa kichwa kukubali kabla sentensi hazijaisha. Akataja jokofu. Akataja maua ya mama.

Baba alimsikiliza akiwa ametazama nyuma.

"Baba, unanisikia lakini?"

"Nakusikia. Malizia."

Hapo akatokea mwanamke wa makamo ya baba, kofia nyekundu ya sufu, mabuti yamejaa tope, anahema. Alikuja moja kwa moja akamshika baba mkono.

"Samahani, Len. Wamenikatalia getini mpaka saa ya tiketi yangu ifike. Nimekuja mbio, nimewapita bata wote bila kuwasalimia."

Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba.

"Huyu ni Beryl," akatuambia. "Nilitaka tiketi ya saa yenu, zilikuwa zimekwisha. Ndiyo maana natembea kama konokono."

Adrian akauliza Beryl ni nani.

"Naishi kwake tangu Agosti. Jokofu ni tupu kwa sababu sili pale, mwanangu. Nakula kwa Beryl. Maua ya mama yako ndiyo najilaumu, nilisahau kuyahamisha."

Vipaza sauti viliendelea kuimba.

"Na yule dalali wako aliniuliza bei," baba akaendelea, kwa upole ule ule. "Nikamwambia haiuzwi, aniletee mpangaji. Anaingia Januari. Sisi tunafunga ndoa Februari."

"Kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza.

"Ningemwambia huyu nyumbani, angebamiza mlango akaondoka. Aliponialika hapa nikasema, vizuri, njia ya upande mmoja."

Adrian aligeuka. Alipiga hatua kubwa kurudi getini, mtu wa theluji kifuani. Kijana msimamizi wa njia, mwenye kizibao cha njano, akanyoosha mkono.

"Mbele tu, bwana. Huku haturudi."

"Nina dharura."

"Dharura zote zinatokea mbele."

Akarudi. Alitembea sehemu yote iliyobaki nyuma ya Beryl, ambaye alisimama kwenye kila taa na kuisifu. Kwenye handaki la taa nyeupe mpiga picha wa bustani akatupanga kwa urefu, akamwonyesha Adrian Beryl, akamwambia asogee karibu na mama yake.

Philippa akatabasamu, kwa mazoea. Sweta yangu nikaitoa mfukoni, nikampa Beryl. Ilimkaa.

Picha ninayo. Watano wana mtu wa theluji, na mmoja kati ya hao ana sura ya mtu aliyemeza kijiti cha peremende. Mimi niko pembeni, kama nilivyoahidi.

Majivu niliyasoma sawasawa. Jokofu lilikuwa tupu kweli, na simu haikuwa na wa kuipokea. Kosa letu watoto wasomi wawili ni moja: tulimjadili baba miezi minne, na hakuna aliyefikiria kumuuliza yeye.

Ukikuta jokofu la mzee wako liko tupu, kabla hujamtafutia kitanda kwenye nyumba ya wazee, muulize anakula wapi.