Bia Chungu na Ulimi wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu analipwa kuonja chai. Kila asubuhi, katika kiwanda kimoja juu ya mji mdogo wa Silibwet, wanampangia vikombe vyeupe kwenye meza ndefu, naye anapita na kijiko chake: anavuta, anatema, anasema. Akisema jani lilichelewa kwenye lori, basi lilichelewa. Meneja mwenye digrii anaandika anachoambiwa na mtu aliyeishia kidato cha nne kama mimi.

Alianza hapo akibeba magunia. Siku moja akalalamika kwamba chai ya wafanyakazi ilikuwa imechanganywa na majani ya zamani. Wenzake walimcheka, mpaka mtu mmoja akaenda stoo kuangalia.

Wakati huo mimi nilikuwa Naivasha nikikata maua. Baadaye nikawa Mombasa, halafu Thika, halafu Nairobi. Kila nilikokaa nilitamani ile harufu ya jani linalonyauka, inayoshuka na ukungu hadi kwenye boma letu. Na kila niliporudi nyumbani, siku ya nne nyayo zilianza kuniwasha. Nimepita miaka arobaini na bado niko hivyo.

Lakini wivu wangu ni wa zamani kuliko kazi yake. Tulipokuwa wadogo, Mama akishapika chai, kikombe cha kwanza hakikuja kwangu mimi kifungua mimba. Kilikwenda kwa mdogo wangu, naye Mama akasimama na birika mkononi akimtazama usoni. "Haya ni maziwa ya ile ng'ombe nyeusi," mdogo wangu alikuwa akisema, au, "Moshi umeingia." Akishakubali, ndipo sisi wengine tulimiminiwa. Baba alicheka sana. Mimi sikuona cha kucheka. Mpaka leo Mama anafanya vile vile, na mimi mpaka leo nahesabu pumzi nikingoja zamu yangu.

Nilitaka kitu kimoja tu maishani kutoka kwake: akosee mara moja, na Mama awe anaangalia.

Agosti iliyopita nilifika nyumbani na chupa moja ya bia. Haikuwa bia ya baa. Nairobi nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili mahali panapotengenezwa bia kwa mapipa machache, kali kuliko ile watu wamezoea, iliyojaa maua machungu yanayoitwa hopsi. Kazi yangu ilikuwa kuosha mapipa na kubandika vibandiko. Kila Ijumaa mchana fundi alitumiminia kila mmoja kidogo na kutuuliza tunasikia nini mdomoni. Wengine walisema embe, ganda la chungwa, msonobari. Na mimi nikasema embe, ganda la chungwa, msonobari. Ukweli ni kwamba sikuwahi kusikia chochote ila uchungu.

Kisha biashara ikadorora na wakatupunguza. Tulipewa chupa mbili mbili za kuagia. Ya kwanza niliimaliza siku hiyo hiyo. Ya pili ilikaa miezi mitatu chini ya kitanda, katika chumba cha mabati ambacho mchana huwa moto kama jiko. Nyumbani niliwaambia niko likizo, na kwamba chupa nimepewa wiki iliyopita. Tarehe hupigwa kwenye shingo ya chupa, nami nilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa hiyo niliifuta kwa kidole gumba kabla sijafunga mkoba.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Mama alikaa kwenye veranda akichambua mboga, na shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa ameleta viti. Nikaitoa ile chupa.

"Hiyo ni pombe?" Mama akauliza. "Kwa nyumba hii?"

"Ni kazi yangu, Mama. Nimemletea huyu aonje. Si yeye ndiye bingwa?"

"Huyu ni mzee wa kanisa."

"Mimi huwa simezi," mdogo wangu akasema. "Nikitema si pombe, ni kazi."

"Basi utemee huko kwa majani ya ng'ombe."

"Wacha, ng'ombe isilewe," akasema shemeji, na Mama akacheka bila kupenda.

Mdogo wangu akaingia ndani akatoka na kikombe cheupe na kijiko chake kipana. Sikumpa nafasi. Nilimimina, nikanusa kwanza mimi, nikapiga funda, nikafumba macho kama fundi wangu. "Embe," nikasema. "Halafu ganda la chungwa. Mwishoni kabisa, msonobari."

Mama aliacha mboga. "Msonobari? Ule mti?"

"Ule mti."

"Nairobi imekufundisha kitu," akasema. Nikapiga funda la pili. Shemeji akaomba tone moja kwenye kidole, akalilamba, akakunja uso. "Hii ni isagek haijatiwa maziwa," akasema, akimaanisha ile mboga chungu Mama aliyokuwa akichambua. Hata hilo nililifurahia. Hakuna aliyekuwa akiijua bia ile isipokuwa mimi.

Kisha mdogo wangu akachota kwa kijiko. Alivuta kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, akaizungusha mdomoni, akatema kwenye majani. Akavuta tena. Chupa hakuitazama hata mara moja.

"Embe ilikuwepo," akasema polepole. "Imeenda. Kuna asali, lakini si asali ya kuwekwa. Na kuna karatasi. Katoni iliyonyeshewa." Akavuta mara ya tatu. "Hii imekaa kwa joto, mkubwa. Imekaa sana, tena..."

Aliniangalia, na nikaona hesabu ikipita usoni mwake: chupa ya wiki iliyopita, likizo ya mwezi wa nane, viatu vyangu vilivyochakaa.

"Maliza basi," Mama akasema. "Ni mbaya?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa nachanganya na chai. Ni mpya. Ni kitu cha juzi tu."

Akaenda kwenye tangi kusukutua mdomo. Nilimfuata.

"Ilikaa miezi mingapi?" akauliza bila kugeuka.

"Mitatu."

"Na wewe?"

"Mitatu."

Akaosha kijiko mbele na nyuma. "Mama hatasikia kwangu."

"Wewe mzee wa kanisa umedanganya."

"Nimedanganya juu ya kikombe," akasema. "Sijawahi." Akapangusa kijiko kwa shati lake la Jumapili, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Ningepaswa kumshukuru. Nilibaki hapo kwenye tangi nikiwa na wivu kuliko nilivyowahi kuwa. Ulimi alikuwa nao, shamba analo, mke anaye, Mama anaye kila siku. Sasa alikuwa na wema pia, na aliweza kuutoa kirahisi hivyo kisha akaendelea na kazi zake. Sikuweza kukaa wiki mbili za likizo ile ya uongo nikiwa nimebebwa naye.

Kwa hiyo nilirudi verandani nikamwambia Mama mwenyewe. Kazi iliisha. Si likizo. Hata chupa ni ya siku ile niliyofukuzwa, imekaa chini ya kitanda kwenye joto miezi mitatu.

Mama aliweka mboga mapajani. Kisha akasema, "Pole, mwanangu. Chakula kipo." Shemeji alikuwa ameingia jikoni. Mama akatazama kule kwenye majani, alikokuwa mdogo wangu ameinama, akamtazama kwa muda mrefu.

"Na huyu alianza vizuri, kisha akaniambia ni mpya," akasema. "Miezi mitatu kwa joto, na hakuwa na hakika."

Uongo haukumjia akilini hata kidogo. Mtoto huyo hajawahi kumdanganya.

"Kumbe ulimi wake umeanza kuzeeka," akasema. Sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo, kama mtu anayezungumzia ng'ombe mzuri aliyeanza kupunguza maziwa.

Alinigeukia, akangoja niseme kitu. Nilikuwa na maneno ya kumtetea tayari, matatu au manne yangetosha.

"Huwa inatokea, Mama," nikasema.