Manowari Yenye Mirija Kumi

Jambo lote lilinigharimu randi mia mbili na sitini: mia mbili thelathini za meli, thelathini za gundi. Nimehesabu mara mbili.

Meli yenyewe ni ya plastiki, vipande ndani ya boksi, mfano wa manowari ya Wajapani ya wakati wa Vita vya Pili. Kaka yangu ndiye aliyeitaka. Alikuwa fundi wa boila kwenye karakana ya Jeppestown, na mapafu yalipomlaza chumbani kwetu Bertrams, akawa anasoma habari za manowari hiyo kwenye simu. Wajapani waliiunda kwa majaribio, alinieleza, boila za mvuke mkali, ikimbie kuliko wenzake. Na mirija kumi na tano ya kurushia torpedo, yale makombora yaendayo chini ya maji; mafungu matatu, mitano mitano.

"Ikakimbia kweli. Walitaka kuunda nyingine nyingi, wakashindwa. Ikabaki peke yake mpaka ndege zikaizamisha."

"Sasa kasi ilisaidia nini?"

"Wewe kaninunulie. Acha maswali ya sokoni."

Niliikuta kwa Mtanzania mmoja anayepanga mitumba kando ya barabara, katikati ya jiji. Alitaka mia tatu hamsini.

"Boksi limefunguliwa, bwana. Mia mbili."

"Mzee, unanikaba! Mia mbili thelathini, lakini natoa kitu."

"Toa."

Nyanya tunanunua hivyohivyo: bei ikishuka, muuzaji anarudisha moja kwenye beseni, kila mtu anaondoka na heshima yake. Akachomoa kijifuko kimoja. Sikuuliza kina nini. Kilikuwa kidogo. Nikaondoka najiona mjanja.

Kaka aliunga wiki tatu, ameegemea mito. Alipofika kwenye mirija akahesabu, akarudia.

"Kumi. Mdogo wangu, fungu la tatu liko wapi?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Umepunguziwa manowari kama nyanya! Na hii iliundwa moja tu, hata vipuri huna pa kuchomoa."

Kesho yake nilirudi kwa muuzaji. Kijifuko alikuwa ameshakitupa. Nikamwambia kaka nitachonga fungu hilo kwa kijiti. Akakataa: "Lete lenyewe, au paache wazi."

Hakumaliza mwezi. Siku ya mazishi sikulia. Nilihesabu viti tulivyoazima kanisani, arobaini na viwili, nikavirudisha arobaini na viwili.

Tulipogawana vitu vyake, koti lilikwenda kwa jirani, spana kwa wenzake wa karakana. Binti yake, aliyezaliwa hapa, anatuelewa vizuri ila hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili: "Mimi nataka meli ya baba." Hajui kama ina upungufu. Anakuja kuichukua Jumapili.

Mirija mitano nimeshaichonga, kwa vijiti vya meno, nikaipaka rangi ya kijivu. Inafanana kabisa. Iko mezani, pembeni ya meli, na gundi imebaki nusu. Nyinyi mnaosoma, nishaurini kabla ya Jumapili: niibandike na kunyamaza, au nimkabidhi meli ikiwa na pengo, kisha nimwambie ni nani aliyelinunua?