Tani Alivyowekwa wa Nne

Fundi wa mizani aliyeitwa Ratili alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kati ya muuza rangi na kinyozi. Ndani ungekuta mizani za kila namna: za sahani mbili kutoka kwa wauza nafaka, za kuning'inia kutoka buchani, na zile za kupimia watoto wachanga, ambazo manesi walizileta zikiwa zimefungwa kwenye shuka. Jina la Ratili, kipimo cha zamani kisichofika hata nusu kilo, alipewa na mama yake, kwa sababu alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama kifaranga. Miaka kumi baadaye alipozaliwa mdogo wake, mkunga alimwinua yule mtoto kwa mikono miwili, akashusha pumzi, akasema, "Mama, hii ni tani." Jina likaganda hapo hapo.

Baba yao alifariki Tani akiwa bado anatambaa. Ratili akaacha shule, akaenda kujifunza kazi kwa fundi mmoja mzee, na tangu siku hiyo akawa kaka na baba kwa pamoja. Tani alipofika miaka kumi na mitano alikuwa anainama mlangoni. Wakitembea pamoja, wasiowajua walimwamkia Tani kwanza wakidhani ndiye mkubwa, na Tani hakuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Akawa mpakiaji wa saruji. Kisha akaingia kwenye mapigano ya mseto, yale ambayo ngumi, mateke, mieleka na kabali vyote ni halali, na wapiganaji wawili wanafungiwa ndani ya kizimba cha wavu wa chuma. Mapigano hayo yalifanyika katika ghala la zamani la pamba, ambalo mwanamke mmoja aliyewahi kuuza vipuri vya magari alilinunua na kuligeuza ukumbi.

Ratili aliingia humo kwa njia ya kazi. Wapiganaji walikuwa wakilalamika kwamba mizani ya ukumbi inadanganya, kwa kuwa mtu alivua hadi chupi na bado akaonekana amezidisha. Ratili aliitwa, akainama, akaangalia pembeni, akaangalia chini, akasema mizani haina kosa, sakafu ndiyo imelala upande. Akaisogeza kidogo tu, na malalamiko yakaisha. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyewapima wapiganaji kabla ya kila shindano, na baada ya kupima alipewa kiti karibu na wavu. Hakuwahi kumpiga mtu ngumi maishani mwake, lakini alikuwa mtazamaji mzuri. Wenzake wakipiga kelele, yeye alitulia kama anasubiri mshale wa mizani usimame.

Siku moja mwenye ukumbi alimfuata dukani.

"Fundi, watu hawanipi raha. Kila mmoja anauliza, ukiweka uzito pembeni, nani mkali kuliko wote? Ubishi huo ndio unaojaza viti. Nataka majina kumi ukutani, pale langoni. Uyapange wewe."

"Nina mdogo wangu mle ndani, bosi."

"Ndiyo maana nakuchagua. Ukimpendelea, ukumbi mzima utajua, na wewe aibu huiwezi."

Ratili alifikiri juma zima. Hakuona maana ya kuuliza nani angemvunja nani, kwa sababu jibu la swali hilo lilikuwa kwenye mizani. Aliamua kuwafikiria wote kana kwamba wana kilo sawa, kisha akajiuliza kila mmoja amebaki na nini mkononi. Amemshinda nani? Kwa njia ngapi? Akizidiwa, anajua pa kutokea?

Wa kwanza akamweka mlaza vigae mmoja wa uzito mdogo kabisa aliyeitwa Mchwa, ambaye alishinda kwa kusimama, kwa kulala na kwa kumpanda mtu mgongoni. Wa pili akawa mwanamke msusi, ambaye hajawahi kupoteza pambano. Wa tatu dereva wa winchi. Wa nne, Tani.

Tani aliusoma ukuta akitoka kazini, nyusi zikiwa nyeupe kwa saruji. Aliusoma tena. Watu waliosimama langoni wakampisha.

"Rangi yenyewe mbaya," alisema, akaondoka.

Jumapili alikuja kwa kaka yake kula chakula cha mchana, kama kawaida. Mama yao, Bi Mkubwa, aliishi hapo na Ratili na mkewe, na Jumapili ilikuwa siku yake ya kuwaona wanawe wote mezani.

"Karibu, shemeji," mke wa Ratili alisema.

"Nimeshakaribia, shemeji. Nataka nijibiwe tu. Kaka, mimi wa nne?"

Ratili alivua miwani akaifuta. "Umeshinda mapambano sita. Matano umeshinda kwa kuwalalia watu."

"Kumlalia mtu si kumshinda?"

"Ni kumshinda. Ndiyo maana wewe ni wa nne, si wa kumi."

"Tufungie mimi na Mchwa kizimbani. Nani atatoka kwa miguu yake?"

"Wewe."

"Sasa?"

"Kama hilo ndilo swali, basi hakuna haja ya kupigana. Mpande mizani, mzito apewe mkanda, watu warudi nyumbani."

Bi Mkubwa alikuwa akitafuna taratibu. "Mwanangu," alisema, "hata friji ni zito, lakini sijasikia limemshinda mtu."

Mke wa Ratili alijitahidi, akaziba mdomo kwa upande wa kanga, lakini kicheko kilimponyoka. Tani alimtazama yeye, akamtazama kaka yake, akarudisha kiti mahali pake bila kelele, akatoka. Sahani yake ilibaki imejaa.

Miezi ikapita. Tani alikuja kumwona mama yake saa ambazo alijua Ratili yuko dukani. Jioni Bi Mkubwa alisema, "Mwenzako alipita," na Ratili akafunua sufuria akaona kweli amepita. Hakutuma mtu wa kuwapatanisha. Alijiambia kwamba aliyekasirika atakapochoka atarudi, na ikiwa hatachoka, maneno ya watu wa tatu hayatamchosha.

Walikutana siku za kupima uzito tu. Tani alipanda mizani, akatazama dari. Ratili akatamka kilo. Tani akashuka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Mwenye ukumbi naye hakuridhika. "Tani ndiye anayeuza tiketi zangu," alisema. "Mtu haji kumwona wa nne. Mpandishe hata awe wa pili."

"Akinionyesha kitu kipya nitampandisha."

"Fundi, wewe ni mgumu jamani! Kwani utapungukiwa nini?"

Ratili alitikisa kichwa. Juma lililofuata ukuta ulipakwa chokaa, na watazamaji wakaambiwa wapige kura kwa simu. Tani akashika nafasi ya kwanza kwa mbali. Mchwa akaangukia ya saba. Ratili aliachiwa kazi yake ya kupima na kiti chake, na kwa kweli hakuutamani tena ule ukuta. Walimuuliza kama ameumia, akasema ukuta ni wa mwenyewe.

Asubuhi moja Mchwa aliingia dukani, magoti yake yana vumbi la saruji ya vigae. Alikaa, akaulizia afya ya Bi Mkubwa, akazungukazunguka, mwisho akasema:

"Mdogo wako yuko kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kwenye mazoezi. Alikuja na hasira, akaniambia, lala chini nikukalie, tuone huo uwezo uliokuweka wa kwanza. Nikalala. Fundi, nilidhani jengo limeniangukia! Lakini alipojaribu kunishika, nikachomoka. Akanishika tena, nikachomoka. Nikampanda mgongoni nimkabe, lo, shingo lile! Mikono yangu haikutani. Tukaendelea hivyo hadi wote tukawa hoi. Yeye hakunishika, mimi sikumkaba."

"Ikawaje?"

"Akacheka. Kesho yake akarudi, akaniuliza, ulikuwa unatokaje pale chini? Tangu hapo anajifunza. Siku za mwanzo alikuwa akikasirika, alishawahi kuvunja ndoo ya watu. Sasa ametulia. Aliniomba nisikwambie."

"Mbona unaniambia?"

"Aliniomba. Sikukubali."

Haukupita muda mrefu, Tani akapangiwa mgeni kutoka mji mwingine, mzito kama yeye na mrefu kumzidi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Ratili alipima, akatamka kilo, akaenda kwenye kiti chake.

Raundi ya kwanza walitupiana ngumi bila faida. Ya pili, mgeni aliingia chini ya mikono ya Tani, akamkumbatia kiuno, akamnyanyua. Hakuna mtu ukumbini aliyewahi kuona miguu ya Tani ikiacha ardhi. Alianguka chali, kizimba kizima kikalia. Mgeni akampanda juu na kuanza kumshushia viwiko. Watu wakapiga kelele, "Inuka! Inuka!"

Tani hakuinuka. Alijikunja kando, akakubali kiwiko kimoja cha kichwa, akainua nyonga kama mtu anayetafuta nafasi kitandani. Kisha akatia mguu mmoja mbele ya uso wa mgeni, mwingine kifuani, na mkono wa yule mtu ukabaki katikati ya mapaja yake kama ufito. Akaunyoosha. Mgeni aligonga mkeka mara nyingi upesi upesi, ishara ya kusalimu amri, na mwamuzi akawatenganisha.

Ratili hakupiga makofi. Alipotaka kukaa ndipo akagundua kwamba alikuwa amesimama, na kiti kimeanguka nyuma yake.

Kesho yake asubuhi mlango wa duka ukawa giza. Tani aliinama, akaingia, plasta juu ya jicho.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa kwenye sanduku la mbao, likalia. "Nimekuja kuulizia."

"Ukutani wewe ni wa kwanza."

"Kule wamepiga kura. Nauliza hapa."

Ratili alikuwa ameshika bisibisi. Aliiweka chini, akafikiri. "Wa tatu," alisema.

"Wa tatu!"

"Dereva wa winchi umempita. Msusi bado hajapoteza. Na Mchwa ndiye mwalimu wako. Nikuweke juu ya mwalimu wako?"

Tani alitazama mizani zilizoning'inia. Alionekana anautafuna ule wa tatu ili ajue ladha yake. "Sawa," alisema. Kisha akasema, "Unajua, kaka, siku ile sikuondoka kwa sababu ya wa nne. Nilishakubali moyoni, nilikuja kubisha tu. Niliondoka kwa sababu ya friji. Shemeji alicheka, na wewe ukacheka."

"Mimi sikucheka."

"Ulicheka. Kwa pua."

Ratili alijaribu kukumbuka. Ilikuwa kweli. "Pole, mdogo wangu," alisema. "Lakini mama naye neno lake alilipanga vizuri."

"Alilipanga," Tani akakubali, na safari hii walicheka wote wawili, hadi kinyozi akachungulia dirishani.

Tani alipigana kwa muda baada ya hapo, akashinda kiasi, akapoteza kiasi, mpaka goti likagoma. Kazi ya kubeba saruji nayo ikamshinda. Mchwa akampa kona kwenye ukumbi wa mazoezi, na Tani akaanzisha darasa ambalo halikuwapo: kuwafundisha watu wazito kuanguka. Walikuja walinzi, wapakiaji, na mpishi mmoja wa shule aliyekuwa akiogopa ngazi. Tani alisema mtu mkubwa hakuna anayemfundisha kuanguka, kila mtu anadhani haitatokea.

Ratili alikwenda siku moja kumtazama, akashawishiwa ajaribu. Alianguka vizuri mara ya kwanza, akaanguka vizuri ya pili, ya tatu akasikia bega linateguka. Mkewe aliwagombeza wote wawili, mmoja kwa uzee wake na mwingine kwa kukosa akili. Kwa majuma kadhaa Tani ndiye aliyekuwa akifungua duka, na Ratili alikaa pembeni, mkono umefungwa kifuani, akimwelekeza.

"Legeza hiyo skrubu. Si kwa nguvu. Legeza."

"Nalegeza."

"Unavunja."

Nesi aliyekuja kuchukua mizani yake ya watoto alisimama mlangoni, akamwona Tani amejikunja juu ya kile chombo, ulimi nje, bisibisi imepotelea kwenye vidole vyake. Akasema hana haraka, atasubiri.